Aleksanda Kwenye Meza ya Kukatia

Machi 9

Bosi kanipa daftari hili leo asubuhi. Jipya, lina mistari ya bluu. "Pasi," kaniambia, "mwandiko wako unasomeka. Kila umeme ukikatika, andika tarehe na saa. Shule wakija kulalamika kwamba sare zimechelewa, nitawafungulia ukurasa, wasome wenyewe."

Pasi ndilo jina langu humu karakana. Wamenipa kwa sababu napata moto upesi. Sikatai.

Haya basi: umeme ulikatika saa tatu na dakika kumi, mvua ilipoanza. Umerudi saa sita kasoro. Kazi niliyotumwa imekwisha, na ukurasa umebaki mweupe zaidi ya nusu. Mimi fundi cherehani, kuona kitu kinabaki bure kunaniuma. Nitaujaza.

Tuna cherehani nane na kelele za cherehani nane. Zikiwa zinafanya kazi, hata ukitukanwa husikii. Umeme ukikatika, kimya kinaanguka ghafla, kila mtu anachukua kazi ya mkono, pindo au vifungo, na wote tunahamia kwenye meza ya kukatia iliyo karibu na dirisha. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Meza hiyo ni ya Shemeji. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na ndiye mkataji wetu. Umeme kwake si kitu, yeye ana mkasi na chaki. Alinifundisha kushona miaka ishirini iliyopita na tangu siku hiyo hajanisifu hata mara moja. Chini ya meza anaweka kitabu kimoja cha zamani kisicho na jalada, maisha ya Aleksanda wa Makedonia, yule mfalme aliyeteka nusu ya dunia kabla ya kufikisha miaka thelathini na tatu. Ukimsikia anavyomtaja, utadhani walicheza wote utotoni.

"Mzee, tupe Aleksanda," Bibi Vifungo, mshona vifungo wetu, akasema leo, kama anavyosema kila umeme ukikatika.

Utaratibu wetu ni huu. Shemeji anasimamisha hoja, mimi napinga, kwa sababu hakuna mwingine mwenye mdomo wa kumtosha. Tukimaliza, wenzetu wanane wanapiga kura kwa vifungo vibovu: kopo la maziwa ni lake, kopo la biskuti ni langu. Na sheria ni moja, aliiweka Bibi Vifungo: unampa kura aliyejenga hoja vizuri, si unayempenda. Anailinda kuliko anavyolinda sindano zake.

Leo ilikuwa habari ya fundo. Kulikuwa na mji wenye gari la kale lililofungwa kwa fundo lisilo na mwanzo wala mwisho, ikasemwa atakayelifungua atatawala Asia. Aleksanda akafika, akalitazama, akachomoa upanga, akalikata.

"Huo ndio ukubwa," Shemeji akasema. "Wenzake walipapasa miaka na miaka. Yeye, mkato mmoja."

"Hiyo ni hasira ya mtu asiyejua kufumua," nikamjibu. "Kaambiwa afungue, nani kamwambia akate? Mimi nikikuletea shati limeshonwa vibaya, utalifumua au utalipiga mkasi?"

"Inategemea nani kalishona."

Walicheka mpaka Ovaloki, kijana wa watu mnene anayeshika mashine ya kuziba kingo, akajichoma sindano. Kura: tano kwake, tatu kwangu.

Machi 10

Umeme upo.

Machi 11

Umeme upo. Kero tupu.

Machi 14

Umekatika saa nne, umerudi saa nane. Mvua ya mawe, bati lilikuwa linapigwa ngoma.

Hoja: yale maji. Jeshi liko jangwani, linakufa kwa kiu, askari wakamletea Aleksanda maji kidogo ndani ya kofia ya chuma. Akayamwaga mchangani mbele yao wote, asinywe peke yake.

Shemeji alimpa Ovaloki kitabu asome. "Soma wewe, mimi hapo napajua kwa moyo." Na kweli, Ovaloki alipokwama kwenye neno, Shemeji alilimalizia akiwa amegeukia dirisha.

Nilisema hivi: "Kwanza, nani kawaingiza jangwani? Pili, maji yale si angempa mgonjwa mmoja? Huko ni kujionyesha. Mume akimwaga uji ili watoto wasimwone anakula peke yake, nyumbani kwangu anautafuta ufagio."

Nikashindwa, sita kwa mbili. Bibi Vifungo aliniambia hoja yangu ilikuwa nzuri ila nilipiga kelele. Mimi? Kelele? Nilimuuliza hivyo kwa kelele.

Machi 20

Umekatika saa mbili asubuhi hata kabla hatujavua makoti ya mvua. NIMESHINDA. Saba kwa moja!

Hoja ilikuwa mama yake. Nilisema: mwanamume aliyetoka kwao akiwa na miaka ishirini na kidogo, asirudi tena mpaka kufa kumwona mama aliyemzaa, huyo si mkuu, huyo ni mtoro. Shemeji akaleta maneno ya kitabu, kwamba mfalme aliambiwa mama yake anawasumbua watu, akajibu chozi moja la mama linafuta barua elfu za wanaomsema.

"Chozi?" nikamuuliza. "Alilionea wapi hilo chozi, na zaidi ya miaka kumi hajaukanyaga ua wa mama yake?"

Vifungo vililia ndani ya kopo langu kama mvua. Shemeji mwenyewe alitikisa kichwa, akasema, "Hapo umenifunga, Shemeji." Nimeandika maneno hayo hapa ili siku akikana nimwonyeshe.

Machi 23

Umeme upo. Lakini leo lazima niandike. Kola zilizokatwa jana zimezidi vidole viwili, zote thelathini! Shemeji, anayewacheka wengine kwa nusu kidole! Nilisimama katikati ya karakana nikapaza sauti juu ya cherehani zote: "Shemeji, hizi ni sare za shule au za twiga?"

Wote walicheka. Yeye hakucheka. Alizichukua kola zake, akaanza kuzipunguza moja moja.

Nilikwenda nyumbani nimefurahi kupita kiasi. Binti yangu akaniuliza kama nimeongezwa cheo.

Machi 28

Umekatika mara tatu, nusu saa nusu saa. Hakuna mjadala, kila tukianza unarudi.

Aprili 2

Leo ni balaa, acha niandike polepole.

Umeme ulikatika saa tatu na nusu. Shemeji alikuwa anatandaza jora la drili, ile kaki mpya ya suruali, tabaka juu ya tabaka, akate suruali sitini kwa mpigo. Hoja ilikuwa kali kuliko zote: Aleksanda alivyomuua kwa mkuki, wakiwa wamelewa karamuni, rafiki aliyewahi kumwokoa vitani. Nilisema mengi. Shemeji naye anajibu huku anatandaza, anajibu huku anachora, anajibu huku anakata. "Alilia siku tatu!" anasema. "Na maiti ilifufuka?" nasema. Nilishindwa, tano kwa tatu, lakini kelele ilikuwa tamu hata Bosi alitoka ofisini kwake akasimama mlangoni na kikombe chake.

Saa saba umeme ukarudi, nikachukua furushi, nikaweka mguu mmoja wa suruali juu ya mwenzake nianze kuunga. Haukukaa. Nikaugeuza. Ukakaa, ila sasa mgongo wa kitambaa uko nje. Nikachukua mguu mwingine. Vilevile. Mwingine.

Asiyeshona hatajua, nieleze. Drili ina uso na mgongo. Ukitandaza, unalaza uso kwa uso, ili kila mkato utoe mguu wa kulia na wa kushoto. Shemeji alikuwa ametandaza matabaka yote uso juu. Kwa hiyo tulikuwa na miguu mia moja na ishirini, na yote ya kushoto.

Nikazima mashine yangu. Mwingine akazima yake. Tulisimama tunaizunguka meza kama watu wanaotazama nyoka.

"Labda," Ovaloki akasema kwa sauti ndogo, "kuna shule ya wenye miguu miwili ya kushoto."

Niseme kweli, nilicheka. Halafu nikamwona Shemeji. Alikuwa ameshika mguu mmoja kwa mikono miwili, anaupapasa kwa kidole gumba, upande huu, upande ule, upande huu.

Bosi hakupayuka. Alisema tutakata miguu ya kulia kwa kaki iliyobaki na yeye ataagiza jora jingine. Kisha akasema: "Na kuanzia leo, Aleksanda marufuku humu ndani. Mdomo umewapeleka mbali."

Aprili 3

Umekatika saa tano, umerudi saa nane. Tumeshona vifungo kimya. Saa tatu nzima kama tuko kwenye chumba cha mtihani.

Aprili 5

Nimelala vibaya siku tatu kwa sababu ya kile kidole gumba. Leo wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki. Nikakata vipande viwili vya drili, nikaviweka mezani kwake.

"Shemeji, uso uko wapi hapa?"

Akapapasa. "Cha kale kilikuwa na mikwaruzo mgongoni. Hiki kipya ni laini kote kote. Wametuletea kitambaa kibaya."

"Sikukuuliza ubaya. Nimekuuliza uso uko wapi. Kinaonekana, kimoja kinang'aa."

Akaendelea kupapasa. Nikamuuliza tena.

"Nimejifunga kitambaa cha rangi gani kichwani?"

"Kile cha siku zote," akasema.

Nilikuwa sijajifunga kitu. Nikamshika kidevu, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu niolewe katika ukoo wao, nikamgeuza kwenye mwanga. Mboni ya kulia ilikuwa nyeupe kama kifungo cha shati. Ya kushoto ilikuwa njiani.

"Tangu lini?"

"Mwaka. Miwili." Akautoa mkono wangu taratibu. "Mkono unajua kazi, Shemeji. Mkono hauhitaji kuona."

Kwa hiyo kitabu alikuwa anakijua kwa moyo kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Miaka ishirini nimengoja nimkamate huyu mzee kwenye kosa. Nimemkamata, na sikusikia utamu wowote. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye mashine yangu. Na zile kola za twiga nilizomcheka! Mdomo wangu huu, ungekuwa pindo ningeushona.

Aprili 7

Nilimwambia amwambie Bosi mwenyewe au nitamwambia mimi. Amesema leo. Bosi si mtu mbaya. Aliita watu wote, akasema wazi: "Huo ni mtoto wa jicho, unatibika. Mzee akipasuliwa macho, meza hii ni yake mpaka yeye mwenyewe achoke. Asipopasuliwa, sare hizi zikiisha anaweka mkasi chini. Siwezi kumkabidhi mtu kitambaa asichokiona."

Sisi tukashangilia. Tulidhani mambo yameisha.

Shemeji akakunja futi yake ya utepe, akaiweka mfukoni. "Nimeshika mkasi miaka arobaini," akasema. "Najua chuma kikikutana na kitu laini kinafanya nini. Hakuna atakayenisogezea chuma jichoni. Kama ni kwenda nyumbani, nitakwenda."

Akachukua koti lake la mvua akatoka. Alisahau mwavuli.

Aprili 8

Hakuja.

Aprili 9

Hakuja. Bosi amejaribu kukata mwenyewe. Tusiseme mengi.

Aprili 10

Hakuja. Mvua usiku na mchana. Umeme upo, na hakuna anayejali.

Aprili 11

Nimekwenda kwake na binti yangu baada ya kazi. Binti alikuwa amekwisha pita hospitali ya macho kuuliza, huyo mtoto hasubiri kutumwa. Akamwelezea baba yake mkubwa kila kitu: sindano ya ganzi, dakika ishirini, wanatoa kile kigumu chenye ukungu wanaweka kioo kidogo, kesho yake bandeji inatoka. Jicho moja kwanza, la pili baadaye.

"Wanakitoa kwa kitu gani?" Shemeji akauliza.

"Kwa kifaa, baba mkubwa."

"Kifaa cha nini?"

Binti akanitazama. "Cha chuma," akasema.

"Asante, mwanangu. Kunywa chai yako."

Hapo nikawaka. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia Aleksanda wake angemwona leo angelia siku nne badala ya tatu. Nilimwambia mengi, na majirani wakafunga madirisha. Yeye alikaa tu, mikono magotini. Nilipoishiwa pumzi akasema:

"Umemaliza? Huwezi kunishinda kwa kelele. Hujawahi. Nishinde kwa hoja. Umeme ukikatika, nikishindwa kwa vifungo, nitakwenda hospitali. Nikishinda, mniache na macho yangu."

"Hoja gani?"

"Mtoni."

Nikampa mkono kabla hajabadilisha mawazo. Njiani kurudi binti akaniuliza, "Mama, umewahi kumshinda mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema. "Nyamaza."

Aprili 12

Shemeji amerudi kazini. Anatandaza kitambaa, mimi namwambia uso uko wapi, anakata. Mkato wake bado ni safi, mstari kama umepigwa kwa rula. Umeme upo.

Aprili 13, 14, 15

Umeme upo. Upo. Upo! Mwezi mzima ulikuwa unakatika mtu akipiga chafya tu, leo mvua inapiga, radi inapiga, taa hata haipepesi. Kitabu nimekisoma mara mbili. Ovaloki kila baada ya muda anatazama balbu na kuiambia, "Haya, mama, pumzika."

Aprili 17

Umekatika saa nne kamili. Nitaeleza jinsi ulivyokatika.

Tulikuwa tumekaa kwenye mashine, hakuna anayeshona vizuri, Bibi Vifungo ameshona kifungo kwenye mkono wa gauni lake mwenyewe. Bosi akatoka ofisini, akatutazama mmoja mmoja. Akatembea mpaka kwenye swichi kubwa ukutani. Akaizima.

"Andika, Pasi," akasema. "Umeme umekatika saa nne kamili." Akavuta kiti, akakaa.

Hoja ya mtoni ni hii. Aleksanda kafika mbali kuliko mtu yeyote wa kwao, mbele yake mto, ng'ambo yake nchi nyingine anayotaka kuiteka. Mvua imenyesha siku sabini. Jeshi likagoma. Wanaume waliomfuata miaka minane wakasimama wakasema basi. Alijifungia hemani siku tatu. Kisha akatoka, akasema waaguzi wanaona dalili mbaya, tunarudi. Swali: siku ile alishindwa, au ndiyo siku aliyokuwa mkuu?

Nilianza mimi. Sikupiga kelele. Nilisema: "Mimi nawaona wale askari kwa macho ya fundi. Siku sabini za mvua, nguo zimewaozea mwilini. Kitabu kinasema walivaa nguo za wenyeji, wakazikata na kuziunga. Nani aliwaunganishia hizo nguo? Fundi yupi alikaa kwenye matope na sindano? Na wakati wote huo mfalme anatazama ng'ambo tu. Siku aliyogeuka akawatazama watu wake, ndiyo siku ya kwanza aliwaona. Walilia kwa furaha. Walisema hakuna aliyewahi kumshinda isipokuwa wao. Mtu akishindwa na wanaompenda, hajashindwa." Halafu nikaongeza, "Shemeji, na wewe ulijifungia siku nne, umempita kwa moja. Tumekuhesabia. Toka hemani." Nikakaa.

Bibi Vifungo alifuta pua. Nilijua nimeshinda.

Shemeji akasimama. Hakugusa kitabu.

"Amesema vizuri," akasema. "Lakini hajasimama pale mtoni. Mimi nimesimama. Mnadhani mfalme aliogopa ng'ambo? Hakuogopa chochote kilichokuwa na upanga, upanga alikuwa nao na yeye. Aliogopa kugeuka. Maana mtu wa kukata, akiacha kukata, ni nani? Maisha yake yote chuma kilikuwa mkononi mwake, na yeye ndiye aliyeamua kipite wapi. Sasa mnamwambia: weka chini, lala chali, funga mdomo, mwache mwingine ashike. Aligeuka, ndiyo. Haikufika miaka mitatu akafa. Msiniambie hakushindwa. Alishindwa siku ile, na alijua, na aliogopa hata akaona haya kutoka hemani." Akapapasa ukingo wa meza akitafuta kiti. "Mimi naogopa," akasema. "Basi. Hoja yangu imeisha."

Tangu nimjue, sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Wakapiga kura. Mmoja mmoja, tinki, tinki. Nilihesabu kwa masikio huku nimefumba macho, na nilipofumbua Bibi Vifungo alikuwa anamwaga makopo mezani.

Kopo la maziwa, tano. Langu, tatu.

"Ninyi!" nilipiga kelele mpaka dirisha likatetemeka. "Watu wazima ninyi! Mnajua mmefanya nini? Mmempigia kura awe kipofu!"

Wakatazamana. Nyuso ziliwashuka. Ovaloki alikuwa kama mtu aliyekalia yai. "Lakini," akasema, "alijenga hoja vizuri..."

"Sheria ni sheria," Bibi Vifungo akasema, huku machozi yanamtoka. "Mungu wangu. Sheria ni sheria."

Bosi alikuwa ameinuka, hajui aende wapi. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kurusha.

"Ngapi kwa ngapi?" Shemeji akauliza.

"Tano kwa tatu, Mzee," Ovaloki akasema. "Umeshinda. Tusamehe."

Shemeji akakaa. Akanyoosha miguu. Uso wake ulilegea kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Vizuri," akasema. "Basi nani atanisindikiza hospitali?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Lakini umeshinda!"

"Ndiyo, nimeshinda. Mngenishinda mngenipeleka, kama mbuzi. Sijashindwa, kwa hiyo nakwenda mwenyewe." Akatikisa kidole kuelekea mahali alipodhani nipo, na hakukosea sana. "Na kuogopa kwenyewe nimekwisha kusema mbele ya watu. Kumebaki nini cha kuficha?"

Sijui nani alianza kupiga makofi. Ovaloki alimbeba mzee mzima mzima juu, Shemeji akawa anapiga kelele ashushwe, Bosi akawa anacheka na kufuta miwani, na Bibi Vifungo akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo, kwamba mwanamume wa namna ile humpeleki popote kwa kumshinda. Mwongo mkubwa. Nilimwona alivyotupa kifungo chake kopo la maziwa huku anatikisa kichwa kwa utamu wa maneno.

Miaka ishirini nimetaka kumshinda. Leo nimeshindwa na sijawahi kufurahi hivi.

Umeme umerudi saa saba, Bosi alipokumbuka swichi.

Mei 6

Suruali zimekwisha. Kila moja ina mguu wa kulia.

Mei 19

Mashati yamekwisha. Mvua imeanza kuchoka, inanyesha kidogo alasiri inaacha. Shemeji ana siku ya hospitali: keshokutwa. Amekata kitambaa chote kilichobaki, hata vipande vya mifuko, utadhani anakwenda safari ya mwaka.

Mei 21

Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Ameingia saa tatu. Mlangoni alinishika kiwiko, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, yule farasi wake, yule mkali asiyepandwa na mtu. Alimfugaje?"

Nikamwambia, farasi alikuwa anaogopa kivuli chake mwenyewe, Aleksanda akamgeuza akalitazama jua.

"Jua," akasema. Akaingia.

Dakika ishirini walizosema zimekuwa arobaini. Nimevunja penseli moja.

Ametoka. Amefungwa bandeji, anatabasamu, na anamwambia muuguzi kwamba mshono wa koti lake hilo jeupe, kwa alivyoupapasa, umeshonwa na mvivu.

Mei 22

Bandeji imetoka leo saa mbili asubuhi. Muuguzi aliivua polepole, akamsafisha, akamwambia afumbue.

Akafumbua. Kwanza alitazama mikono yake, juu na chini, muda mrefu. Halafu dirisha. Halafu akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "una mvi!"

"Na wewe una mdomo," nikamjibu, maana nisingesema kitu ningelia.

Wakati huo binti yangu akaingia na chupa ya chai, amechelewa, nywele zimelowa. "Baba mkubwa! Wamekutoa bandeji?"

Shemeji akamgeukia. Akanyoosha mkono. Binti akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, na mzee akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama anavyogeuza kitambaa asichotaka kukikunja vibaya.

"Mdogo wangu," akasema. "Pua ile ile. Na paji la uso. Mdogo wangu yuko hapa, mzima, na hamkuniambia!"

Nilimtazama mwanangu. Miaka sita tangu baba yake afariki, namwona kila siku kwenye pua ile, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayemkosa kama ninavyomkosa mimi, na yeye, tangu macho yafifie, hakuwa na mahali pa kumwona.

"Baba mkubwa," binti akasema, anacheka na kulia kwa pamoja, "pua hii ninayo miaka kumi na tisa."

"Basi kaa hapo hapo," Shemeji akamwambia, "usitikisike. Sijamaliza."

Chai ilipoa, na hakuna aliyeigusa. Muuguzi alikuja mara mbili kusema kitanda kinahitajika, mara zote mbili akatazama, akarudi.